Maji ya Kisima Yana Hesabu

Mazungumzo ya Bwana Shamba na wakulima wa Dodoma



Leo nataka tuzungumze habari za maji yaliyo chini ya ardhi, kwa kuwa kiangazi kimefika na wengi wenu mmeanza kutengeneza bustani karibu na visima. Bustani ni jambo jema. Lakini naanza kwa kuwaeleza kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita mkulima mmoja aliniuliza kama kisima chake kingetosha nusu ekari ya nyanya. Ilikuwa mwezi wa Juni. Nilichungulia, nikaona maji mengi, nikamwambia, "Panda." Sikupima kitu. Mwezi wa Septemba, nyanya zikiwa na maua, debe likaanza kutoka na matope. Nyanya zilikauka zote. Tena majirani waliokuwa wakiteka hapo maji ya kunywa wakawa hawana budi kwenda mbali, na watoto wao pamoja nao. Yule mkulima hakunilaumu, lakini kosa lilikuwa langu.

Maji haya yatoka wapi? Hapa kwetu mvua ni kiasi cha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Sehemu kubwa hunywewa na mimea au hukaushwa na jua. Kule Makutupora, ambako jiji la Dodoma hupata maji ya visima, kina cha maji ya chini kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950. Vipimo hivyo vimeonyesha kwamba maji hayaongezeki sawasawa kila mwaka. Hushuka polepole miaka kadhaa, kisha huja mwaka wa mvua kubwa mno, kama ule wa El Nino wa 1997/98, makorongo yakajaa, na maji yakazama mchangani na kupandisha kina. Basi maji mnayoteka leo huenda ni ya mvua ya miaka mingi iliyopita. Hiyo ni akiba. Akiba haiozi, lakini huisha.

Sasa tupige hesabu. Wakati wa jua kali, mita moja ya mraba ya mboga huhitaji kama lita 5 za maji kwa siku. Nusu ekari ni kama mita za mraba 2,000. Hizo ni lita 10,000, yaani madebe 500 ya lita 20, kila siku. Ni kisima gani cha mkono kitakachotoa madebe 500? Hesabu hiyo ningeifanya siku ile, nisingesema, "Panda."

Fanyeni hivi:

1. Pimeni kisima mwezi wa Oktoba, maji yanapokuwa chini kabisa, wala si Juni. Asubuhi, kabla ya mtu kuteka, shusha kamba yenye jiwe mpaka ikute maji, ufunge fundo usawa wa mdomo wa kisima. Siku hiyo hesabu madebe yote yanayotekwa. Kesho yake asubuhi pima tena. Kama maji yamerudi mahali pake, kiasi hicho kinafaa. Kama hayakurudi, punguza.

2. Toeni kwanza maji ya nyumbani na ya majirani. Tuseme kisima chatoa madebe 30, na 15 ni ya kunywa na kupikia. Yanabaki 15, yaani lita 300. Hayo yatosha matuta sita ya mboga, kila moja mita 10 kwa mita 1. Usiongeze la saba.

3. Msinyweshe mtama wala uwele kwa debe. Hayo ni mazao ya mvua. Maji ya kisima ni ya mchicha, nyanya, vitunguu na miche ya mizabibu.

4. Mwagilieni asubuhi na mapema au jioni, karibu na shina, na kufunika udongo kwa majani makavu. Matandazo huzuia jua lisinyang'anye maji yenu.

5. Mvua ikija, izuieni shambani. Limeni matuta ya kukinga maji kukatiza mteremko, wala msikate miti ya kando ya korongo.

6. Anayetaka kuchimba kisima kirefu na kuvuta maji kwa pampu aombe kwanza kibali cha bodi ya maji ya bonde lake. Kwa Makutupora ni Bonde la Wami/Ruvu. Pampu yako yaweza kukausha kisima cha jirani ambaye humwoni.

Najua wapo watakaosema matuta sita ni kidogo. Ni kidogo kweli. Lakini matuta sita yakifika mavuno yalisha nyumba na kuuza sokoni, na nusu ekari iliyokauka haileti hata kikapu kimoja.

Nitapita tena mwezi wa Novemba. Siku hiyo sitauliza kwanza habari za mboga. Nitaomba kila mmoja anionyeshe kamba yake na fundo lilipo.