Vikwazo vimguse nani?

Januari 2022 Marekani iliiondoa Ethiopia kwenye AGOA, mpango uliokuwa ukiruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia huko bila ushuru, kwa sababu ya ukiukaji wa haki za binadamu katika vita vya Tigray. Walioumia ni wasichana waliokuwa wakishona nguo viwandani Hawassa, wala si waliotoa amri za vita. Januari 2024 ikawa zamu ya Uganda.

Msikilizaji wa Litembo, wewe unayemenya kahawa kwa mashine ya mkono na kuianika kichanjani, jambo hili linakuhusu. Kahawa yako inanywewa ng'ambo.

Je, biashara ifungamanishwe na haki za binadamu? Naam. Sisi Watanzania wenyewe tuliwasusia makaburu wa Afrika Kusini, huku Malawi ya Rais Banda, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, ikianzisha nao uhusiano wa kibalozi mwaka 1967. Lakini kususia kule kuliombwa na waliokuwa wakikandamizwa. Kiongozi wao Albert Luthuli aliomba akijua watu wake wataumia pia. Wale washonaji wa Hawassa aliwauliza nani? Zianze kuzuiwa silaha, na akaunti za wakubwa. Gunia la mkulima liguswe mwisho kabisa, tena akiwa ameridhia mwenyewe.