MAONYESHO YETU: KILA KITU NA JINA LAKE, KILA SENTI NA HESABU YAKE

Hotuba iliyosomwa mbele ya wananchi katika wilaya ya Iringa, kwenye mkutano wa kutayarisha maonyesho ya vitu vya kale na mchango wa zahanati.

 

Tumetumwa kwenu kusema juu ya jambo moja. Kijiji kimeazimia kufanya maonyesho ya vitu vya kale kwa muda wa siku mbili. Mlangoni patakuwa na kiingilio na sanduku la mchango, na fedha zote zitanunua mabati ya chumba cha kujifungulia katika zahanati. Kuta zimekwisha simama. Mvua nazo haziko mbali. Basi kazi ni njema na wakati ni mfupi.

Lakini yako maneno yanayosemwa pembeni, nasi hatukuja kuyafunika. Wako wazee wanaosema: "Ngao ya babu haitoki ndani, kwa sababu zilizotoka zamani hazikurudi." Wako akina mama wanaosema: "Tumechanga mara nyingi, tuonyesheni kwanza zilikokwenda." Ndugu zetu, watu hawa msiwaite wakaidi wala maadui wa maendeleo. Ni watu wenye kumbukumbu, na nyumba ya makumbusho isiyowajali watu wenye kumbukumbu ina kazi gani? Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa kwamba swali gumu la mwanafunzi hujibiwa, halifukuzwi darasani. Leo tutajibu maswali haya mawili. Tutaona mwisho wake kwamba ni swali moja.

Tuanze na vitu. Zamani nyumba za namna hii hazikujengwa kwa ajili yetu. Ile ya Dar es Salaam ilipofunguliwa mwaka 1940 ilikuwa ukumbusho wa Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Mwafrika aliweza kuingia akaona mkuki wa kwao umewekwa ndani ya kioo, na jina kubwa mlangoni ni la mfalme wa ng'ambo. Baada ya uhuru, mwaka 1963, nyumba hiyo iliongezewa jengo jipya, nayo ikawa Makumbusho ya Taifa. Hayo ni mageuzi makubwa. Lakini kugeuza jina la mlangoni ni hatua ya kwanza tu. Hatua ya pili ni kuandika majina ndani.

Hapa Uheheni hakuna anayehitaji kufundishwa habari ya Mtwa Mkwawa. Tarehe 17 Agosti 1891 majeshi yake yalivunja jeshi la Wajerumani pale Lugalo, na kamanda wao Zelewski akafa. Oktoba 1894 Wajerumani walirudi na mizinga, wakaiteka ngome ya Kalenga. Mkwawa hakusalimu amri. Walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta, naye akapigana porini miaka mingine minne, mpaka tarehe 19 Julai 1898 alipojiua kwa bunduki ili asishikwe. Wakakata kichwa chake.

Sasa sikilizeni sehemu inayotuhusu leo. Vita kuu ya kwanza ilipokwisha, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliamuru Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Kwa nini? Sababu moja ni kwamba waliotakiwa kulitoa walisema halijulikani liliko. Gavana Twining alipokwenda kulitafuta katika jumba la makumbusho la Bremen mwaka 1953, alikuta mafuvu 2,000 hivi, na kati ya hayo 84 yalikuwa yametoka Afrika Mashariki. Lililoandikwa Mkwawa halikuwapo. Ikabidi mafuvu yapimwe kwa vyombo, vipimo vyake vilinganishwe na vya watu wa ukoo wake walio hai, ndipo likachaguliwa moja. Mwaka 1954 likarudishwa, likapokewa na Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, na sasa limo katika makumbusho ya Kalenga.

Tazameni ubaya wa jambo hilo, ndugu zetu. Kukata kichwa cha mtu na kukichukua ni dhuluma. Kukiweka rafuni bila jina ni dhuluma ya pili, maana hata siku mwizi anapoamriwa kurudisha, hawezi. Mtu aliyetisha dola nzima alitafutwa kwa rula!

Tena si habari ya zamani tu. Mwaka 2023 taasisi ya majumba ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba uchunguzi wa vinasaba umewapata jamaa walio hai wa baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa huku wakati wa Wajerumani. Moja kati ya hayo, lililotoka Uchagani, lilikuwa limeandikwa neno moja: Akida. Neno hilo likawasaidia wachunguzi kumtambua mshauri mmoja wa Mangi Meli, yule Mangi aliyenyongwa na Wajerumani Moshi mwaka 1900, na ukoo wake ukapatikana. Neno moja tu la wino lilifungua njia ya kurudi nyumbani baada ya miaka zaidi ya 100. Kichwa cha Mangi Meli mwenyewe watu wake wameendelea kukitafuta.

Basi mzee anayesita kutoa ngao yake anasema kweli. Hakatai kuionyesha kwa majirani. Anachokataa ni kuitoa mkononi mwake iende mahali ambapo itakuwa "ngao ya Kihehe" tu, haina baba wala mama. Jibu letu kwake lisiwe hotuba tamu. Liwe karatasi.

Tuje sasa kwenye fedha. Kuchanga si jambo geni kwetu, wala hatukufundishwa na mtu. Mwalimu Nyerere alipotakiwa kwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, tarehe 7 Machi 1955, nauli haikutoka kwa tajiri. Wananchi wa Tanganyika walichanga. Aliyekuwa na shilingi alitoa shilingi, aliyekuwa na senti alitoa senti. Walioichanga waliweza kusema: tumemtuma, na atarudi kutuambia alilolisema. Huo ndio mchango. Mtoaji anabaki na haki ya kuuliza.

Kuna namna nyingine ya kutoa ambayo si mchango. Mgeni rasmi anachelewa saa tatu, watoto wa shule wamesimama juani. Anashuka garini, anatangaza kitita chake kwa kipaza sauti, anapigiwa makofi, anapigwa picha na mama mgonjwa aliyeambiwa ashukuru. Kesho yake hakuna anayejua kitita kilihesabiwa na nani. Jina la mtoaji limekuwa kubwa kuliko mabati. Hatusemi wenye mali wasitoe. Watoe, na Mungu awaongezee. Tunasema fedha yao iingie katika kitabu kile kile ambamo imeandikwa shilingi 500 ya bibi muuza mboga, na isomwe kwa sauti ile ile.

Mmekwisha ona kwa nini tulisema maswali mawili ni moja? Ngao isiyo na jina na fedha isiyo na hesabu ni ndugu. Zote mbili zimetoka mikononi mwa watu, zote mbili hazijulikani zimelala wapi. Wananchi wakinyimwa jina na hesabu, watafunga milango na mifuko, na sisi hatutakuwa na la kuwalaumu.

Kwa hiyo tunaleta mbele ya mkutano huu mashauri matano, nanyi mtayakubali au kuyarekebisha.

La kwanza. Kila kitu kitakachopokewa kiandikwe katika daftari mbele ya mwenyewe: ni kitu gani, jina lake kwa Kihehe na kwa Kiswahili, kimetoka kwa nani, kilitengenezwa na nani ikiwa anajulikana, na kama kina ufa au kasoro kabla ya kupokewa. Mwenyewe apewe stakabadhi yenye sahihi mbili. Asiyejua kuandika aweke dole gumba, na mjukuu wake amsomee.

La pili. Kila kitu kiwe na kibandiko, na jina la mwenyewe liwe juu yake. Asiyependa jina lake lionekane, asilazimishwe, lakini katika daftari liwemo. Tena vitu vya matambiko na vya makaburini visiletwe kabisa, ila wazee wenyewe wakiamua. Si kila kilicho cha zamani ni cha kutazamwa na kila mtu.

La tatu. Maonyesho yasiwe ya mikuki peke yake. Vita ni fahari yetu, lakini mtu haishi kwa vita. Tunataka kuona vikapu vya milulu walivyosuka mama zetu, ambavyo leo vinauzwa mbali kwa jina la Iringa bila jina la msukaji. Tunataka jembe la zamani, kinu, vyungu, na mbeta ya kugemea ulanzi. Na msukaji akae pale pale na milulu yake, asuke watu wakiona, aulizwe na kujibu. Wenzetu wa Bujora, karibu na Mwanza, wana makumbusho ya Wasukuma, na kila mwaka katika sherehe ya Bulabo vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana hapo. Watu hawaendi kutazama vitu vilivyokufa. Wanakwenda kutazamana na kushindana, na vitu vinapata uhai kwa sababu hiyo. Nasi tunaweza.

La nne. Sanduku la mchango liwe na kufuli mbili, na funguo mbili zikae kwa watu wawili wasio wa nyumba moja, mmoja wao awe mama. Lifunguliwe jioni ya kila siku mbele ya watu, fedha zihesabiwe mezani, na jumla iandikwe ubaoni kwa chaki palepale. Fedha zikinunua mabati, risiti ya duka ibandikwe katika ukuta wa zahanati, na mabati yahesabiwe yakifika kama vile fedha zilivyohesabiwa zilipotoka. Ikibaki senti, mkutano ndio utakaosema iende wapi.

La tano. Asiye na kiingilio asifukuzwe. Mzee aliyetoa ngao yake na mama aliyeleta kikapu wasilipe. Wanafunzi waingie bure pamoja na walimu wao. Na mama yeyote mjamzito asisimamishwe mbele ya watu kuwa mfano wa shida. Chumba kile si huruma yetu kwake. Ni deni letu, maana sisi sote tulizaliwa.

Tunajua lipo pingamizi moja. Wako watakaosema: "Mambo haya ya karatasi yatatuchelewesha, mvua inakuja, tukusanye haraka tuezeke." Tunawaheshimu, lakini tunawauliza: mara zile zilizopita tulipokusanya haraka, tuliezeka nini? Kuandika jina la kitu ni kazi ya dakika tano. Kulitafuta likiisha kupotea, tumeona pale Bremen, ni kazi ya nusu karne. Vijana waliomaliza shule wako wengi hapa, wanajua kuandika, na wamekuwa wakiulizwa kila siku wanaleta faida gani kijijini. Hii hapa faida. Watu sita wenye kalamu watamaliza daftari lote kabla ya Jumamosi.

Walimu nao wana kazi yao. Kalenga haiko mbali na hapa. Wapelekeni watoto wakaone, kisha warudi wawaulize babu zao. Watoto wakijua tarehe ya Lugalo na wasijue jina la bibi aliyesuka kikapu cha nyumbani kwao, somo la historia limefika nusu.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alifika Songea, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani wakati wa vita vya Majimaji. Ni vizuri aliomba. Lakini tutawadai wenzetu wa mbali hesabu ya vitu vyetu kwa uso gani, ikiwa sisi wenyewe hatuwezi kumpa jirani yetu hesabu ya ngao yake ya siku mbili? Anayedai daftari la mwenziwe, lake na liwe wazi mezani.

Ndugu wananchi, daftari tumelileta, liko mbele ya mwenyekiti. Ukurasa wa kwanza hauna kitu. Mwenye swali aulize sasa, na mwenye kupinga apinge hapa barazani, asingoje njiani. Tukikubaliana, tuanze kuandika kabla jua halijazama, na jina la kwanza liwe la mzee wetu yeyote atakayeona kwamba safari hii ngao yake itarudi.

Umoja ni nguvu. Kamwene.