KUNG'OA JINO UZEENI: MFUPA WA TAYA HUPONAJE?

Haya ndiyo maneno ya hotuba kwa akina mama wazee, na kwa wana wao wanaowapeleka hospitali.



Watu wengi hudhani kwamba jino likisha kung'olewa, kazi imekwisha. Sivyo. Kazi ya daktari yaweza kwisha kwa muda mfupi, lakini kazi ya taya ndiyo kwanza inaanza, nayo huchukua miezi.

Jino litokapo huacha tundu katika mfupa. Tundu hilo hujaa damu, na damu huganda ikawa kama kizibo. Kizibo hicho si uchafu wa kutemwa, bali ndicho msingi wa kupona. Katika juma la kwanza nyama changa huota mahali pake. Yapata majuma mawili, mfupa mchanga huanza kuonekana, hafifu kama fito za nyumba isiyokandikwa bado. Kisha tundu hujaa kidogo kidogo, na baada ya miezi kadhaa mfupa hukomaa. Hata kwa mtu mwenye afya njema ukingo wa taya hupungua. Katika mwaka wa kwanza upana wake waweza kupungua kwa kadiri ya nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo.

Basi itazamwe hali ya mama mzee. Mfupa si jiwe. Ni kitu chenye uhai. Ndani yake zimo chembe za namna mbili: zile zinazobomoa mfupa uliochakaa, na zile zinazojenga mpya. Wakati wa ujana kazi hizo huenda sawa. Mwanamke akikoma hedhi, homoni iitwayo estrojeni hupungua sana mwilini, na wabomoaji huwashinda wajenzi. Mfupa huwa mwepesi na wenye vitundu vingi. Maradhi haya huitwa osteoporosisi. Daktari Fuller Albright wa Boston, Marekani, ndiye aliyeandika mwaka 1941 kwamba udhaifu huo wahusiana na kukoma hedhi. Huja kimya kimya, na mara nyingi mama hajui kitu mpaka aanguke kidogo tu na kuvunjika mkono au nyonga.

Taya nalo ni mfupa. Wataalamu waliofanya majaribio kwa panya wa kike walioondolewa ovari walikuta kwamba mfupa mpya ulijaa tunduni polepole zaidi. Lakini jambo hili lisimtie mtu hofu. Kidonda cha mama mwenye osteoporosisi kwa kawaida hupona. Huhitaji subira zaidi na utunzaji zaidi. Ufizi waweza kufunga upesi huku mfupa wa chini ukichelewa, na ndiyo sababu daktari hutazama taya vizuri kabla ya kutengeneza meno ya kubandika. Wahenga walisema, jino la pembe si dawa ya pengo. Nalo pengo lisilopona vema hata jino la kubandika halikai.

Liko jambo la pili, nalo ni kubwa. Dawa za kuimarisha mifupa, kama vidonge vya alendroneti na sindano ya denosumabu ichomwayo kila miezi 6, huwazuia wabomoaji. Kwa hiyo nyonga na uti wa mgongo husalimika. Lakini taya lenye kidonda lahitaji wabomoaji pia, ili waondoe mfupa uliokufa. Mwaka 2003 Daktari Robert Marx wa Miami alitoa habari za wagonjwa 36 ambao mfupa wa taya ulikaa wazi bila kupona. Wengi wao walikuwa wagonjwa wa saratani waliopewa dawa za jamii ya alendroneti kwa njia ya mshipa. Kwa wale wanaotumia dawa za jamii hiyo kwa ajili ya osteoporosisi, hatari ni ndogo: mwaka 2022 madaktari wa Marekani wa upasuaji wa taya waliikadiria kuwa watu 2 hadi 5 katika kila 10,000.

Chukuliwe mfano wa bibi aliyevunjika mkono na kupewa vidonge vya mifupa. Akifika kung'oa jino, huulizwa dawa anazotumia, naye hujibu, "Sina dawa," kwa kuwa haoni kwamba mkono wahusu jino. Mwenziwe, akisikia habari za hatari hiyo, hutupa vidonge vyake vyote. Wote wawili wamekosea. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na anayeacha dawa kwa shauri lake mwenyewe aweza kuvunjika mifupa. Sindano ya denosumabu hasa, ikikawia bila shauri la daktari, mifupa ya uti wa mgongo yaweza kuvunjika.

Yapasa mambo haya yafuatwe:

Kwanza, mama aende na dawa zake zote mkononi, na aseme tarehe ya sindano ya mwisho.

Pili, meno yatazamwe na kutibiwa kabla ya kuanza dawa za mifupa.

Tatu, jino likisha kutoka, aume kitambaa safi kwa nusu saa. Siku ya kwanza asisukutue wala kutema kwa nguvu. Kesho yake asukutue taratibu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Aache tumbaku na ugoro.

Nne, maumivu yakizidi baada ya siku ya tatu, au usaha ukitoka, au mfupa ukionekana, arudi kwa daktari upesi.

Wana na wajukuu nao wana wajibu wao. Mama asiyeweza kutafuna hula uji tu, na mwili hudhoofu. Basi anayempeleka hospitali asiwe msindikizaji tu. Awe shahidi wa dawa zake.