Tuulishe Udongo wa Kyela, Nao Utulishe



Kila msimu sisi tulioko Dar es Salaam na Mbeya hupigiwa simu ileile kutoka nyumbani: mpunga umekuwa wa njano, tumeni hela ya urea. Tunatuma. Msimu unaofuata simu inapigwa tena. Mwaka huu kamati inaomba tuchangie kitu kitakachobaki shambani.

Mpunga ukikosa naitrojeni hugeuka njano na machipukizi huwa machache. Hewa tunayovuta karibu asilimia 78 ni naitrojeni, lakini mpunga hauwezi kuitumia ikiwa hewani. Wako bakteria wanaoweza kuigeuza iwe chakula cha mmea. Baadhi yao huishi ndani ya majani ya azola, mmea mdogo unaoelea juu ya maji yaliyotuama. Wakulima wa China na Vietnam wameitumia kwa karne nyingi: huiacha ienee katika majaruba, kisha huifukia kwenye tope. Ikioza, mpunga unapata chakula. Ikiwa bado inaelea, huyanyima magugu mwanga.

Tuseme ukweli. Azola hufa maji yakikauka, huhitaji fosforasi, na haitaondoa urea yote. Lakini mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 tu za naitrojeni. Kila kilo tutakayopewa na bakteria ni hela inayobaki nyumbani kwa ada ya mtoto. Tuache pia kuchoma mabua baada ya kuvuna. Moto hupeperusha naitrojeni karibu yote, na vijidudu vya udongoni hubaki na njaa.

Michango ya leo itafanya mambo matatu:

Kwanza, kupima udongo wa mashamba yetu. Tutawaomba wataalamu wa TARI Uyole watuongoze.

Pili, kuchimba bwawa dogo la kuzalishia azola, lenye kingo imara. Isivuke kuingia mitoni, kwa sababu ikizidi hufunika maji na kuwanyima samaki hewa.

Tatu, shamba darasa la majaruba mawili jirani: moja azola na nusu ya urea, jingine urea kamili. Mavuno yatapimwa kwa mizani mbele ya wanakijiji, na matokeo yatasomwa katika mkutano ujao, yawe mazuri au mabaya.

Ndugu zetu, mchele wa Kyela una jina kubwa, hata mchele wa kwingine huuzwa sokoni kwa jina letu. Jina hilo linatokana na udongo ule, nao sasa unahitaji kulishwa.

Fomu ya ahadi iko mwishoni mwa kijarida hiki. Mwenye elfu kumi alete, mwenye laki alete, na aliye nyumbani atoe siku ya kazi bwawani. Haba na haba hujaza kibaba.