Kuuguza Pasipo na Ndugu: Siku za Mwisho za Wagonjwa wa Dzaleka na Lilongwe

Katika Kiswahili, kitenzi kuuguza kimezaliwa na kuugua, nacho humhusu yeyote akaaye kando ya mgonjwa, awe binti anayemkorogea mama yake uji au mtaalamu aliyevaa sare wodini, kwa hiyo neno muuguzi, kabla halijawa jina la kazi yenye mshahara na cheti, lilikuwa jina la tendo lililoshirikiwa na ukoo mzima. Ukaribu huo wa maneno ndio msingi wa mhadhara huu, unaohusu uuguzi wa watu wanaokaribia kufa, pamoja na jamaa zao, katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, na katika hospitali za Lilongwe. Mgonjwa wa ukimbizini hufikia siku zake za mwisho akiwa amepungukiwa na wauguzi wa aina ile ya kwanza, yaani wa ukoo, na huruma ya wauguzi wa aina ya pili haina budi kupimwa kwa jinsi inavyoliona pengo hilo na kujitahidi kuliziba.

Uuguzi wa namna hii ni sehemu ya tiba shufaa, yaani matunzo yanayolenga kuondoa maumivu na mateso ya mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi, na kumsaidia yeye na watu wake kuishi vizuri kadiri inavyowezekana mpaka mwisho, na hata kuwashika mkono wafiwa baada ya mazishi. Cicely Saunders, aliyeanza kazi kama muuguzi kabla ya kuwa daktari, na ambaye hospisi yake ya St Christopher's ilifunguliwa London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya nafsi, ya mahusiano na ya roho kwa wakati mmoja. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizitaka nchi zote kuiingiza huduma hii katika mifumo yao ya afya. Malawi haikuingoja hatua hiyo, kwani UKIMWI ulikuwa umekwisha kuwalazimisha watu wake kujifunza kuuguza majumbani: kituo cha Lighthouse, jijini Lilongwe, kina mizizi katika kuwatembelea wagonjwa nyumbani, na huko Salima, karibu na ziwa, muuguzi Lucy Finch alianzisha Ndi Moyo, mahali ambapo maumivu ya saratani na ya UKIMWI hutibiwa kama jambo la haki ya mgonjwa.

Dzaleka yenyewe ilikuwa gereza la kisiasa wakati wa utawala wa Kamuzu Banda, na mwaka 1994 ikageuzwa kuwa kambi ya wakimbizi, iliyokusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000, ilhali leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao wakitoka Kongo, Burundi na Rwanda, na lugha inayowaunganisha sokoni, kanisani na msikitini ni Kiswahili. Kipo kituo cha afya, ambacho huwapokea pia Wamalawi wa vijiji jirani, lakini ugonjwa mzito humpeleka mgonjwa hospitali ya wilaya ya Dowa au Hospitali Kuu ya Kamuzu iliyoko Lilongwe, umbali wa kilomita 40 na kitu. Umbali huo si mkubwa kwa gari. Kwa mkimbizi ambaye sheria humtaka aishi kambini, na ambaye posho yake haitoshi hata chakula cha mwezi, ni mkubwa mno.

Ugumu wake huonekana mara tu mgonjwa anapolazwa. Hospitali za umma za Malawi, kama nyingi za ukanda huu, humtegemea ndugu anayefuatana na mgonjwa ili amwogeshe, ampikie, amfulie nguo na kumwita muuguzi usiku, kwa kuwa wauguzi ni wachache na wodi zimejaa; ndugu huyo hulala sakafuni kando ya kitanda au katika banda la wasindikizaji. Desturi hii ina heshima yake, na ingekuwa kosa kuidharau, lakini imejengwa juu ya dhana kwamba kila mgonjwa ana mtu. Mjane aliyevuka ziwa Tanganyika na watoto wawili wadogo hana wa kumwachia watoto nyumbani wala wa kuandamana naye, hivyo anayebaki kumuuguza ni jirani, au mama wa kanisani, ambaye naye ana kibanda cha biashara kisichoweza kufungwa wiki mbili. Wodini humo mtu huyu huitwa ndugu, na muuguzi mwenye busara humchukulia kama ndugu kweli, akimweleza hali ya mgonjwa kwa idhini ya mgonjwa mwenyewe, badala ya kumsukuma kando kwa sababu damu yao si moja.

Ugumu wa lugha huja pamoja na huo wa kukosa ndugu. Muuguzi wa Lilongwe huuliza kwa Kichewa, „Mukumva bwanji?”, na kitenzi hicho kumva hubeba kusikia kwa masikio na kuhisi kwa mwili, sawasawa na Mswahili asemaye anasikia maumivu, na sawa na kumva ya Kinyarwanda na kwumva ya Kirundi. Lugha hizi jamaa zimekubaliana kwamba maumivu ni kitu kinachosikiwa, na palipo na upole mgonjwa na muuguzi wanaweza kuelewana kwa maneno machache, kwa pole ya Kiswahili na pepani ya Kichewa, na kwa kipimo cha mkono, ambapo ngumi iliyofumbwa humaanisha hakuna maumivu na vidole vitano humaanisha maumivu yasiyovumilika. Ila maneno machache hayatoshi yanapofika mambo ya dawa.

Mofini ya maji, ambayo huchanganywa kutokana na unga na kunywewa, ni dawa ya bei nafuu kuliko nyingi za maumivu makali, na Uganda, ambako Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993, ilionyesha kwamba inaweza kumfikia mtu akiwa nyumbani, hata sheria ya huko ikawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika. Hunywewa kila baada ya saa 4, na dozi ya kabla ya kulala huongezwa mara mbili ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane, pamoja na dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa mofini hufunga tumbo karibu kila mtu. Hapa ndipo jambo dogo linapoweza kuleta mateso makubwa: Mmalawi husema 10 koloko akimaanisha saa nne, ilhali Mkongo, Mrundi na Mnyarwanda huhesabu saa tangu jua kuchomoza, na jirani aliyeambiwa dozi kubwa ni ya kumi anaweza kumpa mgonjwa saa kumi alasiri, naye akalala macho usiku kucha akisubiri asubuhi. Muuguzi anayejua hivyo hachoki kuchora jua, chakula na mwezi juu ya karatasi ya dawa, wala hamwachi jirani aondoke kabla hajarudia maelezo yote kwa maneno yake mwenyewe. Uangalifu huo ndio huruma katika umbo lake la kazi, nao unafaa kufundishwa na kutahiniwa vyuoni kama inavyofundishwa namna ya kuchoma sindano.

Hofu ya mofini nayo inahitaji jibu la wazi, maana jamaa wengi huiona kuwa dawa ya kuua au ya kulevya, wakati dozi inayopandishwa taratibu kwa kufuata maumivu haimfupishii mgonjwa maisha.

Kumrudisha mgonjwa Dzaleka afie kwake mara nyingi ndilo ombi lake la mwisho, na lina maana kubwa kuliko kitanda kingine cha hospitali, kwa sababu huko ndiko kuliko wimbo wa lugha yake, mchungaji au shehe wake, na simu inayoweza kuwekwa sikioni ili kaka aliyeko Uvira atoe neno la kusamehe, au dada aliyehamishiwa Marekani asikie pumzi. Muuguzi akimtembelea, huwafundisha waliomzunguka kumgeuza ubavu kila baada ya saa chache, kulowesha midomo kwa kitambaa bila kumlazimisha maji, na kutoogopa mkoromo wa mwisho, ambao unatokana na mate yasiyomezwa na haumkeri yeye. Pumzi inapokoma, huwauliza waliopo kama kuna dua, kuoshwa au kufumbwa macho kunakotakiwa na dini yao, huwapisha waanze, kisha husogea mlangoni na kuandika saa.