Kima Punju na Mnazi: Tusihukumu Bila Hesabu

Msikilizaji, kusini mwa Unguja, kandokando ya msitu wa Jozani, kuna majirani wawili wanaodaiwa kuwa mahasimu: mnazi na kima punju. Mkulima anasema kima anamlia vidaka, kwa hiyo anamtia hasara. Leo naomba tuisikilize kesi hii kwa makini, maana hukumu yake ni nzito.

Mnazi umetapakaa pwani zote za joto duniani. Ukianguka mmoja, tunaatika nazi, na baada ya miaka michache tunaangua madafu. Kima punju asili yake ni Unguja peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kuwa wamebaki 5,800 na ushei. Jike huzaa mtoto mmoja tu kila uzazi, tena humlea muda mrefu kabla ya kuzaa mwingine. Huyu hatuna kitalu cha kumwatika.

Na lile shitaka la vidaka? Ni kweli anavila. Lakini watafiti waliofanya kazi Jozani walihesabu, na mwaka 1999 wakachapisha matokeo: minazi iliyoliwa sana na kima haikutoa nazi chache, mavuno yake yalikuwa mazuri zaidi. Maelezo yao yanaingia akilini. Mnazi wenyewe hudondosha vidaka vingi, kwa kuwa hauwezi kuvilea vyote. Kima anapovipunguza, vilivyobaki hupata lishe ya kutosha. Mharibifu tunayemjua ni mdudu chonga, anayetoboa kilele hadi mnazi ukafa.

Sisemi mkulima hana haki. Kima huingia mashambani, hula majani machanga ya miembe na mikungu, na anayekaa naye kila siku si mgeni anayekuja kumpiga picha. Ndiyo maana ile sehemu ya viingilio vya hifadhi inayokwenda kwa wakulima na vijiji jirani ni lazima iwafikie kwa wakati na kwa uwazi.

Nawe dereva, ukifika Jozani punguza mwendo, hata pasipo na tuta. Kima wengi wamefia pale barabarani. Mnazi ukifa tutapanda mwingine. Kima punju akitoweka Unguja, hakuna nchi ya kumwagiza.