Nafasi ya Kiongozi Mpya
Hotuba ya Mwenyekiti katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kakamega



Mlipotukabidhi kiti hiki mwaka jana, tulidhani kazi ya mwenyekiti ni kuamuru. Mwezi wa pili tuliibadilisha siku ya kukusanya michango bila kumwuliza mweka hazina, aliyelishika daftari kabla sisi hatujajiunga na chama. Kamati ilinyamaza, nasi tukadhani kunyamaza ni kukubali. Kumbe siku ya zamani ilifuata siku ya soko, watu wangali na fedha mkononi. Msiba ulipotokea, sanduku lilikuwa tupu, na mjane alingoja wiki mbili kupata msaada wake. Kosa lile ni letu, na leo twaomba radhi mbele yenu.

Tulipokwenda kutaka shauri, wazee walitukumbusha habari za Kavirondo. Mwaka 1921 walimu na vijana waliosoma Maseno walianzisha Young Kavirondo Association, chini ya Jonathan Okwiri. Walidai kipande kiondolewe na kodi ipunguzwe. Mwaka 1923 Arkidikoni Walter Owen wa misheni ya C.M.S. akawa rais, na chama kikaitwa Kavirondo Taxpayers Welfare Association. Hakuwa mvivu wala mwoga: wanachama waliahidi kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti, naye aliandika mpaka Uingereza kuzikemea dhuluma. Lakini yale madai ya kwanza yalififia sauti. Wazee wakatuambia: mgeni mwenye nguvu huleta mengi, lakini asipoangalia huyafunika yale aliyoyakuta.

Basi tumejifunza. Siku ya michango imerudishwa ilivyokuwa. Katika kamati kila mjumbe husema kwanza, na mwenyekiti husema mwisho. Hesabu haiguswi kabla mweka hazina hajatoa shauri lake. Kuuliza si ujinga, wala hakukupunguza heshima yetu. Tangu tulipoanza kuuliza, ndipo tulipoanza kutiiwa.

Nasi tuna ombi moja kwenu, wazee wetu. Msitunyamazie kwa adabu. Mkituona tumepotea njia, tuiteni kando mtuambie mapema, kabla mjane mwingine hajangoja mlangoni. Kiti hiki ni chenu. Sisi tumeazimwa tu.